Kigande Kama Jiwe

Machi 4

Daftari hili alininunulia mwanangu kabla hajamfuata mumewe kule mji mwingine. Alisema, "Mama, andika kila siku hata mstari mmoja, mkono uzoee." Kazini tumeambiwa kila mtu aandike lebo zake mwenyewe, na mimi shule niliishia darasa la nne. Herufi zangu zinalala kama zimelewa. Nililitia kabatini likakaa. Leo nalitoa kwa sababu mvua zimeanza na nina wasiwasi, na nikimwambia yeye wasiwasi wangu namwongezea wake.

Ana mimba. Ile ya mwaka jana iliharibika. Hii anatapika kila kitu, hata maji.

Machi 5

Mvua. Nguo hazikukauka.

Machi 7

Niandike kazi yangu, huenda mjukuu akaja kusoma. Nipo ghala la mizigo ya ndege, meza ya minofu. Samaki wanakuja wameshasafishwa, sisi tunapanga kwenye boksi la foamu: mfuko, minofu, pakiti za barafu juu yake, mfuniko, utepe, mizani, lebo. Meza nyingine wanafunga nyama, nyingine mboga. Kisha maboksi yanaingia chumba cha baridi kungoja lori la kwenda kwenye ndege. Watu wa mji huo wa mwanangu wanakula samaki wa jana wakidhani wa leo.

Chumba cha baridi kina mwenyewe. Tunamwita Babu Barafu. Anavaa makoti mawili na kofia ya sufu hata nje jua likiwaka. Asubuhi aliniambia, "Mama, ukitaka kubaki kijana njoo ukae huku ndani. Umeshaona nyama inaoza kwangu?" Nikamwambia sitaki kugandishwa na mzee asiye na meno. Akacheka mpaka akakohoa.

Yeye ndiye anayetia kipima joto. Ni kidude kadiri ya kiberiti, kinajiandikia joto njia nzima. Kila mzigo una kimoja tu, ndani ya boksi analolichagua mwenyewe, na hatuambii lipi. Anainua pembe ya mfuniko, anakisukuma ndani kwa kidole, anarudisha utepe. Mwenye mali kule akikisoma na kuona joto lilipanda, anakataa mzigo wote. Haulizi boksi la nani.

Msimamizi wetu ni binti wa rika la mwanangu. Viatu vyake havishiki tope hata siku za mvua. Anatuita "jamani" hata akiongea na mtu mmoja. Simpendi, Mungu anisamehe.

Machi 10

Mwanangu kapiga simu. Sauti imekuwa nyembamba. Anasema chakula cha kule akikisikia harufu tu, basi. "Mama, ningepata supu yako ya kuku, hata kijiko kimoja."

Nimejua la kufanya.

Machi 11

Kuna jambo ghalani tunalifanya wote na hakuna anayelisema mbele ya msimamizi. Mwenye ndugu kule anatuma kifurushi ndani ya boksi. Yule wa meza ya nyama anamtumia mama yake maziwa ya mgando. Yule wa mboga anamtumia kaka yake mikate. Unatoa pakiti za barafu, mahali pake unaweka kifurushi chako, uzito unabaki uleule. Unabandika kipande cha utepe mwekundu pembeni, na wenzetu wa upande wa pili wanakitoa kabla mwenye mali hajachukua boksi. Wenzetu hao hatujawahi kuwaona. Tunawajua kwa sauti za simu tu.

Sharti ni moja: kigande kama jiwe. Kikiganda, chenyewe ni barafu, samaki hawapungukiwi na kitu. Kwa hiyo siku moja kabla unampa Babu Barafu, anakilaza kwenye rafu yake ya chini kabisa, na asubuhi anakigonga kwa kidole. Kikilia ko, ko, anakurudishia. Kisipolia anakwambia, "Hiki bado kinaota."

Nimempa kopo la supu, nimelizungushia taulo la kijani.

Machi 13

Limefika. Mwanangu amekunywa na haikurudi. Nimelia chooni kazini, nikatoka nimenawa uso, msimamizi akaniuliza, "Jamani, unaumwa?" Nikasema kitunguu. Kwenye meza ya samaki.

Machi 17

Kopo la pili limefika. Yule wa upande wa pili anayenipokelea ni mwanamke mwenye sauti nene, namwita Shoga. Anasema, "Mkweo kaja getini mbio kama anachukua mahari." Ananipenda na hajui sura yangu.

Machi 18

Mvua.

Machi 19

Mvua. Ndege ya asubuhi iliondoka mchana.

Machi 24

Babu Barafu kagombezwa leo mbele yetu sote. Ana tabia ya kuweka kreti mlangoni pa chumba cha baridi akiwa ndani, mlango usijifunge, kwa sababu kitasa cha ndani kinakwama na siku moja alifungiwa humo mpaka midomo ikawa ya bluu. Msimamizi alimwambia, "Babu, nikiona kreti hapo tena nitaandika." Akajibu, "Andika, binti yangu, ila kwanza andika kitasa kitengenezwe." Watu wakaficha vicheko. Msimamizi alikasirika, lakini kreti iliondolewa, na mpaka tunatoka haikurudi.

Machi 28

Mwanangu ameongezeka uzito kidogo. Ananiambia, "Mama, hii mimba inakula kwa ndege." Nimecheka peke yangu nikifua.

Aprili 1

Kopo la juzi liliisha jana. Leo hakupokea simu asubuhi, mchana akapokea mkwe wangu. Amelazwa, ametundikiwa maji. Nilimsikia kwa mbali akisema, "Mwambie Mama asihangaike."

Mwanangu akisema nisihangaike ndipo ninapohangaika. Mwaka jana pia alisema hivyo.

Aprili 2

Niliamka alfajiri nikachinja kuku, nikachemsha supu. Nilijua sheria. Ilitakiwa nimpe Babu Barafu leo, iende kesho. Lakini kesho ilikuwa mbali. Niliimimina kwenye kopo ikiwa inafuka moshi, nikalifunga taulo, nikalitia mfukoni mwa koti, nikasimama kwenye basi la wafanyakazi, kopo limenibana kiunoni kama mtoto mchanga mwenye homa.

Babu Barafu alipita mezani akaniuliza, "Leo huna kopo?" Nikamwambia leo sina.

Sijui kwa nini nilimdanganya. Najua. Angeligonga.

Nilitoa pakiti za barafu kwenye boksi moja, nikaweka kopo katikati ya minofu. Nikajiambia barafu iliyobaki itaipoza njiani. Nikabandika utepe mwekundu. Mvua ikanyesha, ndege ikachelewa, maboksi yakakaa. Kila nilipopita mlango wa chumba cha baridi nilisema kimoyomoyo, poa, poa, kama namwombea mgonjwa.

Aprili 3

Simu ya Shoga imeingia saa ya chakula. Hakunisalimia.

"Shoga, kopo lako nimelitoa. Lilikuwa vuguvugu."

"Mwanangu kapata?"

"Nimemwaga. Nimpe mjamzito supu iliyokaa hivyo? Mkweo nimemwambia leo hakuna kitu." Kisha akasema, "Sikiliza. Kile kidude kilikuwa kwenye boksi hilohilo."

Nilikaa juu ya kreti.

"Mwenye mali kakisoma," akasema. "Joto lilianza kupanda mkiwa nalo hukohuko, kabla lori halijatoka. Mzigo mzima umekataliwa. Wanakwenda kuufukia. Mimi sitasema kitu, na wewe usinitaje. Nina watoto."

Ni samaki kiasi gani hao. Wenzangu wote walisimama mezani kutwa, vidole vimekufa ganzi kwa barafu.

Aprili 4

Msimamizi katuita. Akasema kipima joto kinaonyesha chumba cha baridi kiliachwa wazi. Wote tukageuka kumwangalia Babu Barafu. Na mimi niligeuka. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye: na mimi niligeuka.

Alisema, "Nilifunga."

Msimamizi akamuuliza, "Una hakika, babu?"

Aliugeukia mlango wa chumba cha baridi. Kisha akasema, "Nafikiri nilifunga."

Amerudishwa nyumbani mpaka wakubwa wakae. Alivua koti la juu, akalikunja, akaliacha kwenye kiti chake.

Aprili 5

Mwanangu ametoka hospitali. Anakula mkate mkavu. Mimba ipo salama.

Nilimshukuru Mungu, halafu nikashindwa kuendelea na ile dua. Nilikuwa nimeomba kwa ajili ya mtu mmoja, na mwingine nimemsahau kwa makusudi.

Aprili 6

Mvua.

Aprili 9

Chumba cha baridi kimepewa kijana wa zamu nyingine. Ni mpole, lakini hagongi vifurushi. Hata hivyo watu wanaendelea kutuma. Mimi nimeacha. Yule wa meza ya nyama kaniuliza, "Mgonjwa kapona?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasema, "Alhamdulillahi. Tumepata hasara lakini walau wewe umepata heri." Wema wake ulinichoma kuliko tusi.

Aprili 12

Nimekwenda kwa Babu Barafu. Nilijiambia nakwenda kusema. Nilinunua viazi njiani, nisiingie mikono mitupu.

Anaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vioo. Mkewe alinipokea kama ndugu, akanivutia kiti. Yeye alikuwa amekaa karibu na dirisha bila koti hata moja. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono yake bila makoti. Ni myembamba kama ya mtoto.

"Karibu, mama. Umekuja kuangalia nyama imeoza?"

Tukacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa jikoni, nikamwona anainama kuangalia jiko, anainuka, anainama tena.

Babu akasema kwa sauti ya chini, "Ananikagua huyo. Jana nilichemsha chai, kaja nyuma yangu kuona kama nimezima."

"Ulizima?"

"Nilizima. Nafikiri." Akaangalia vidole vyake. "Unajua, mama, nakaa hapa naufunga ule mlango kichwani. Nauvuta, nasikia unavyolia. Halafu nasema, hiyo ni siku ile au ni siku nyingine? Miaka yote hiyo mlango ni uleule, sauti ileile. Baba yangu alianza hivihivi. Alianza kusahau mlango, akamaliza kwa kusahau majina yetu."

Neno lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelishika hapa, kwenye meno. Mkewe akaingia na chai, akasema, "Mama, wewe ni mtu wa kwanza wa kazini kuja. Mungu akulipe."

Nikanywa chai. Nikaaga. Nikaacha viazi.

Aprili 13

Sikwenda kazini. Nilisema naumwa, na haikuwa uongo.

Nimeifikiria hii kazi. Nikiikosa, kodi nitalipaje, na mtoto akizaliwa nitatuma nini. Hizo sababu zote ni za kweli. Nimezipanga vizuri kama minofu, na bado zinanuka.

Ningekuwa nimemharibia kazi tu, labda ningevumilia, nasema ukweli wangu. Watu hukosa kazi wakapata nyingine. Lakini nimemharibia kichwa. Mzee mwenye akili zake timamu anakaa dirishani akijiuliza kama akili anazo, na dawa yake ninayo mimi, na nimekunywa chai yake nikaondoka na dawa.

Aprili 14

Nimesema.

Msimamizi alikuwa ofisini anakausha viatu vyake kwa karatasi. Kumbe navyo huloa, ila huvifuta kabla hatujamwona. Nilisimama, nikasema mlango ulifungwa, joto lilitoka ndani ya boksi, niliweka kopo la supu ya moto. Nilisema yote bila kituo, kama mtu anayetapika.

Akauliza, "Supu ya nani?"

"Ya mwanangu. Mjamzito."

"Kwa nini haikuganda?"

Hapo nikajua kwamba vifurushi anavijua siku zote. Hakuuliza kwa nini nilituma. Aliuliza kwa nini haikuganda.

Nikasema, "Sikungoja."

Akafunika macho kwa mkono. "Jamani," akasema, na safari hii alikuwa ananiambia mimi peke yangu. "Na kule nani alilitoa hilo kopo?"

Nikaangalia viatu vyake.

"Mama, wakubwa watauliza. Ukitaja jina naweza kukutetea, tukasema mlikuwa wengi, ukahamishiwa kuosha makreti. Usipotaja, mzigo wote ni wako."

"Basi ni wangu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mwanangu akinikatalia kitu asichopenda kunikatalia. "Kadi ya mlangoni niachie," akasema. Nilipofika mlangoni akaongeza, "Babu nitamwambia mimi, au wewe?"

Nikamwambia, "Mimi."

Aprili 15

Nilimkuta dirishani palepale. Safari hii sikukaa na sikukubali chai. Nilisema nikiwa nimesimama, mkewe akiwapo.

Hakunitukana. Alisema, "Kumbe nilifunga."

"Ulifunga, babu."

"Niliufunga ule mlango."

"Uliufunga. Kreti haikuwapo. Mimi ndiye."

Mkewe alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa shuka alilokuwa anakunja. Babu akamgeukia. "Umesikia? Nilifunga." Alilirudia kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake. Kisha furaha ikamtoka usoni polepole, akaniangalia mimi.

"Siku ile ulikuja ukakaa hapo. Nikakwambia mambo ya baba yangu."

"Ndiyo."

"Ukanywa chai."

"Ndiyo, babu."

"Nenda nyumbani, mama," akasema. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliuma.

Aprili 16

Mvua.

Aprili 20

Yule wa meza ya nyama kanipitia nyumbani. Vifurushi vimepigwa marufuku. Wanapekua kila boksi. Mama yake hatapata maziwa tena. Alinieleza haya akiwa amesimama nje, mwavuli umemfunika macho. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Si wewe, ni mvua." Lakini hakuingia ndani.

Babu Barafu amerudishwa. Hilo aliniambia mwishoni, akiwa ameshageuka kuondoka.

Aprili 27

Nimepata kibarua cha kuosha vyombo shuleni kwa watoto wadogo. Maji ni ya moto. Vidole vyangu havijui vifanye nini na maji ya moto.

Mei 3

Mwanangu kaniuliza kwa nini sitoki mapema siku hizi. Nikasema zamu zimebadilika. Akasema, "Mama, nikwambie kitu usikasirike? Ile supu, makopo ya mwisho nilikuwa nakunywa kidogo tu. Nilikuwa nasema inakaa ili upate usingizi."

Nikacheka, nikamwambia haidhuru.

Sitamwambia yaliyotokea. Akijua, atabeba na yeye, na tumboni tayari ana mzigo. Huu uwe wangu. Kama nakosea kumficha, nitaongeza kosa hilo juu ya lile.

Mei 9

Mvua zinapungua. Leo jua lilitoka, godoro likakauka.

Mei 16

Amepata hamu ya kula. Mimba imeingia mwezi wa tano, tumbo limeonekana. Anakula kila kitu, anasema hata ukuta akiuangalia sana anauona mtamu. Halafu akasema, "Ila sasa ndiyo naitaka ile supu kwelikweli."

Nimekaa na neno hilo siku nzima.

Mei 18

Nilipika jana mapema, nikaomba friza ya duka jirani. Leo nimekwenda ghalani, lakini dirisha la mbele, la wateja. Sijawahi kusimama upande ule. Kaunta ni ndefu kuliko nilivyodhani. Nililipa kama mtu yeyote anavyolipa. Lebo niliiandika mwenyewe, jina la mwanangu, mji, simu ya mkwe wangu. Herufi zilisimama. Sikuomba msaada.

Karani alipiga kengele, na aliyetoka kuja kuchukua boksi ni Babu Barafu, makoti mawili, kofia ya sufu. Alisimama. Nami nilisimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akaangalia lebo, akaangalia boksi. "Limeganda?"

"Gonga."

Akainua mfuniko, akakunjua taulo la kijani, akagonga kwa kidole kama anayebisha hodi kwa watu. Ko, ko.

"Hili halioti," akasema. Karani hakuelewa kwa nini nilijifuta macho.

Alilifunga, akaweka utepe, akaubonyeza kwa kiganja mpaka mwisho. Akalibeba kwa mikono miwili. Kutoka pale dirishani chumba cha baridi kinaonekana. Nilimwona akiingia, akatoka, akafunga mlango. Ulilia ule mlio wake. Akauvuta kuona kama umefungwa. Akaenda hatua kidogo, akasimama, akarudi, akauvuta tena.

Zamani hakuwa anarudi.